Jeni zinazoruka: ni takataka tu au ndo zinaongoza jeni zingine? Naomba kueleweshwa

KiuYaElimu

Habari za muda huu wakuu. Nina swali limenikaa kichwani wiki ya pili sasa, nimejaribu kusoma mwenyewe ndo kwanza nazidi kuchanganyikiwa, kwahiyo naombeni mnieleweshe taratibu.

Nasoma baiolojia mwaka wa pili. Kwenye jenetiki tulifundishwa kwamba DNA ya binadamu ina herufi kama bilioni 3 na ile sehemu yenye maelekezo ya kutengeneza protini haifiki hata asilimia 2. Hapo sawa. Kilichonivuruga ni slaidi moja ambayo mwalimu aliipita mbio, akasema karibu nusu ya DNA yetu yote ni mabaki ya jeni zinazoruka, yaani transposoni, vipande vinavyohama toka sehemu moja ya kromosomu kwenda nyingine au kujinakili vyenyewe, akasema hizo ni takataka za mageuzi, slaidi ikapita tukaingia mada nyingine. Mi nikabaki palepale. Nusu nzima? Yaani mwili unanakili huo mzigo kila seli inapogawanyika, kizazi hadi kizazi, kwa mamilioni ya miaka, kwa ajili ya takataka?

Nikaenda kusoma nikakuta wengine wanasema kinyume kabisa, kwamba vipande hivyo ndo swichi za kuwasha na kuzima jeni, kwamba bila hivyo tusingekuwa na kondo la nyuma wala kinga ya mwili tuliyonayo, mara ndo vimetufanya tukakosa mkia. Sasa nashindwa kuunganisha. Kitu kimoja kinakuwaje takataka na papo hapo kiwe nahodha? Na kama vinaruka ruka tu mbona havitumalizi? Mwenye kujua anifafanulie, hata kama ni maelezo marefu nitasoma yote.

MzeeWaPunje

Mdogo wangu umeuliza jambo la maana, na usimlaumu sana mwalimu wako, hilo neno takataka limekaa vitabuni miaka mingi. Mi ni mtu wa mimea, nimefanya kazi na mahindi muda mrefu, kwahiyo nitaanzia huko manake huko ndo habari yenyewe ilikoanzia.

Chukua punje moja ya yale mahindi ya rangi yenye madoadoa, iangalie kwa kioo cha kukuzia. Utaona punje yenyewe imepauka, halafu juu yake kuna madoa ya zambarau, mengine mapana, mengine kama ncha ya sindano. Rangi hiyo inatengenezwa kwenye tabaka jembamba la seli chini ya ganda, na kuna jeni ambayo lazima ifanye kazi ndo rangi itoke. Kwenye punje yako kipande kinachoruka kimejipachika katikati ya hiyo jeni, jeni imeharibika, kwahiyo punje inaanza maisha haina rangi. Punje inavyokua seli zinagawanyika, sasa kwenye seli moja hapa na nyingine kule kile kipande kinachomoka, jeni inaungana upya, na seli hiyo pamoja na uzao wake wote wanapata rangi. Kwahiyo kila doa ni ukoo mmoja wa seli. Doa pana maana yake kipande kilichomoka mapema, seli ikapata muda wa kuzaa sana, kidoa kidogo maana yake kilichomoka punje ikiwa imekaribia kukomaa. Yaani unasoma tukio na saa yake kwa macho yako bila mashine yoyote. Mara ya kwanza nilipoelezwa hivi nilikaa na ile punje mkononi nusu saa nzima, sikutaka kuiweka chini.

Aliyesoma madoa hayo kwanza ni Barbara McClintock, Mmarekani, akiwa kituo cha utafiti cha Cold Spring Harbor miaka ya 1940. Aliona kromosomu namba 9 ya mahindi inakatika kila mara mahali palepale, akapaita Ds, akagundua haikatiki wala haihami mpaka kuwe na kitu kingine mahali pengine kwenye jenomu, yaani DNA nzima ya kiumbe, akakiita Ac. Saivi tunajua Ac ndo yenye jeni ya kutengeneza kimeng'enya cha kukata na kubandika, Ds ni kipande kilichopoteza uwezo huo kinategemea cha mwenzake. Na akaona tena kwamba ukiongeza idadi ya Ac kwenye punje, madoa yanakuwa madogo zaidi, kuruka kunachelewa. Alichapisha 1950, mwaka uliofuata akaeleza mbele ya wanasayansi wenzake, wengi hawakumuelewa. Nobel akaipata 1983 akiwa na miaka 81.

Sasa kitu ambacho watu wengi hawakisemi ni kwamba McClintock mwenyewe hakuviita takataka. Aliviita vipande vya kudhibiti. Kilichomvutia zaidi ya kuhama kwenyewe ni kwamba vikikaa karibu na jeni vinabadilisha jeni hiyo ifanye kazi lini na kiasi gani. Kwahiyo swali lako wewe la leo alikuwa nalo yeye tangu enzi hizo.

Na mfano hai uko kwenye hilohilo hindi. Mmea wa porini uliozaa mahindi unaitwa teosinte, una matawi mengi kama kichaka, hindi lina shina moja lililosimama. Tofauti hiyo kwa sehemu kubwa inatokana na jeni moja iitwayo tb1, ambayo kwenye mahindi inafanya kazi karibu mara mbili ya kule kwenye teosinte. Mwaka 2011 ikaonyeshwa sababu, kuna retrotransposoni, yaani transposoni ya aina inayojinakili, inaitwa Hopscotch imejipachika mbali kama herufi 60,000 kabla ya jeni yenyewe, haijagusa protini hata kidogo, imeongeza nguvu ya jeni tu. Na kipande hicho kilikuwepo tayari kwenye baadhi ya teosinte maelfu ya miaka kabla mtu hajaanza kulima, wakulima wa kale wakakichagua bila kujua wanachochagua.

Halafu zile njegere za Mendel mlizosoma shuleni, laini na zilizokunjamana, unajua zilikunjamana kwanini? Kipande cha herufi kama 800 cha jamii ya hizo Ac na Ds kilijipachika kwenye jeni ya kimeng'enya cha kutengeneza wanga. Wanga ukapungua, sukari ikabaki nyingi, mbegu ikajaa maji, ilipokauka ikanywea. Imegunduliwa 1990. Yaani Mendel alikuwa anahesabu transposoni miaka yote ile.

SeliHai

Shikamoo mzee, hiyo ya punje naichukua nikafundishie. Mi naongezea upande wa binadamu, nipo maabara ya seli.

Kiu, kwanza uzijue kwa majina manake sio kitu kimoja. Zipo zinazokata na kubandika kama hizo za mahindi, hizo kwetu ni kama asilimia 3 ya jenomu na zote zimeshakufa, hakuna inayoruka tena. Zilizobaki zinanakili na kubandika, nakala ya zamani inabaki palepale, inatengenezwa RNA, yaani nakala ya muda ya maandishi ya DNA, RNA inageuzwa kuwa DNA, inaingizwa mahali papya. Ndo maana zimejaa hivi, kila kuruka ni kuongezeka. Kubwa kwetu ni LINE-1, nakala zaidi ya 500,000, kama asilimia 17 ya DNA yako. Halafu Alu, fupi ya herufi kama 300 hivi, lakini zimepita milioni moja, na zenyewe haziwezi kuruka bila kuazima vifaa vya LINE-1. Halafu kuna mabaki ya retrovirusi, virusi vya jamii moja na VVU, vilivyoingia kwenye mayai au mbegu za mababu zetu vikarithiwa, hivyo ni kama asilimia 8.

Mi nafungua jeni kwenye kompyuta karibu kila siku na ukishazoea huwezi kuzikosa. Unakuta katikati ya maandishi herufi zinaanza ghafla, zinaenda, zinaishia na mkia wa AAAAAAAAAA, halafu kushoto na kulia kwa kipande kuna herufi kumi na kitu zilezile zimerudiwa pande zote mbili. Huo mkia ni alama kwamba kilipita kwenye RNA, na herufi zilizorudiwa ni kovu la pale DNA ilipochanwa ikazibwa. Na LINE-1 nzima ina herufi kama 6,000 lakini nyingi unazokutana nazo zimekatika upande wa mwanzo, kwasababu kunakili kunaanzia mkiani na mara nyingi kimeng'enya kinaishia njiani. Ndo maana kati ya hizo laki tano na ushee zenye uwezo wa kuruka kwa mtu mmoja ni kama 80 mpaka 100 tu. Zingine ni maiti.

Lakini hizo chache zipo hai kweli. Mwaka 1988 timu ya Haig Kazazian ilichunguza wagonjwa 240 wa hemofilia, ugonjwa wa damu kutoganda, wakakuta wawili wasio na undugu wana LINE-1 mpya katikati ya jeni ya faktori VIII, protini ya kugandisha damu, kipande ambacho wazazi wao hawakuwa nacho mahali pale. Yaani kiliruka kwa watoto hao. Toka hapo magonjwa zaidi ya 100 yameshahusishwa na kuruka kwa namna hii. Kwahiyo mtu asikudanganye kwamba ni wageni wema. Kuna familia zimeumia.

Hiyo ya kondo la nyuma nayo ni kweli. Kuna jeni inaitwa sinsitini, ilielezwa 2000. Asili yake ni jeni ya virusi, ile protini ya ganda ambayo virusi anaitumia kuunganisha utando wake na utando wa seli ili apenye. Mwili ukaichukua ukaitumia kuunganisha seli za kondo la nyuma zenyewe kwa zenyewe, zikawa tabaka moja lisilo na mipaka linalopitisha chakula toka kwa mama kwenda kwa mtoto. Na panya nao wana ya kwao, ila sio hii yetu, wao walipata kutoka virusi tofauti kabisa wakati mwingine kabisa. Panya aliyeondolewa sinsitini A mimba yake haifiki mwisho. Mi hii huwa inanigusa kila nikiifikiria, silaha ya adui imekuwa mkono wa kulea.

MizaniSawa

Mmeongea vizuri wote ila naomba niweke breki kidogo kabla Kiu hajaondoka na picha kwamba hiyo nusu yote ina kazi. Haina.

Angalia hivi. Kitunguu kina DNA kama mara tano ya binadamu. Kamongo wa Afrika aliyesomwa jenomu ana herufi kama bilioni 40, zaidi ya mara kumi yetu, na kuna samaki mwingine, yule bunju anayejivimbisha wa jamii ya Fugu, ana herufi kama milioni 400 tu na anaishi vizuri, uti wa mgongo anao, ubongo anao, kila kitu. Tofauti kati ya kamongo na bunju kwa sehemu kubwa ni transposoni. Kama kila kipande kina kazi, kamongo anafanya kazi gani ambayo bunju haiwezi, tena mara mia zaidi? Hakuna jibu. Jibu ni kwamba kwa kamongo vilizaana na havikufutwa.

Na sababu ya kuzaana haihitaji faida kwa mwili. Hili lilielezwa 1980 kwenye makala mbili zilizotoka pamoja, moja ya Doolittle na Sapienza, nyingine ya Orgel na Crick, huyuhuyu Crick wa DNA. Hoja yao ni nyepesi, kipande kinachojinakili ndani ya jenomu kitaenea hata kama hakimfaidishi mwenye mwili, mradi hakimuui haraka kuliko kinavyojinakili. Basi. Hutakiwi kutafuta sababu nyingine ya kwanini kipo.

2012 mradi wa ENCODE, wa kuorodhesha sehemu zenye kazi kwenye jenomu ya binadamu, ulisema asilimia 80 ya jenomu ina shughuli ya kikemia, magazeti yakaandika kwamba takataka imekwisha. Lakini protini kugusa DNA mahali sio kusema mahali pale pana kazi. Herufi sita au nane za kushikia protini zinatokea zenyewe kila mahali kwenye maandishi marefu. Kipimo cha kweli ni kuondoa kile kipande uone kama kuna kinachobadilika, na hapo ndo vingi vinashindwa. 2004 watu waliondoa kwenye panya maeneo mawili makubwa yasiyo na jeni, moja la herufi kama milioni moja na nusu, panya wakazaliwa, wakakua, wakazaa.

Kwahiyo Kiu, swali la "takataka au nahodha" limekaa vibaya, ndo maana linakusumbua. Ni vimelea. Vingi vimekufa na kuoza mahali vilipo, vichache bado vinauma, na vichache sana mwili umevikamata ukaviajiri. Havikuja kwa ajili ya kuajiriwa.

KiuYaElimu

Asanteni sana aisee, nimesoma mara mbili. Hiyo ya njegere imenishangaza kweli, tulikaririshwa tu kwamba laini inatawala, hakuna aliyetuambia zilikunjamana kwanini.

MizaniSawa nimekuelewa, kumbe nilikuwa nachanganya swali la kwanini vipo na swali la vinafanya nini baada ya kuwepo. Ila bado kuna sehemu mbili sijashika. Moja ni hiyo ya swichi, kwa vitendo kabisa, kipande cha virusi kinawashaje jeni ya kwangu? Na ile ya kwanini havitumalizi mmeigusa juu juu tu. Kama LINE-1 mia moja ziko hai kwenye kila seli yangu muda huu, nani anazishika?

SeliHai

Hayo maswali mawili yana jibu moja, utaona.

Virusi akijiingiza kwenye DNA yako anakuja na swichi zake mwenyewe, manake hawezi kutegemea bahati. Pembeni mwake kushoto na kulia ana herufi zinazovutia protini za seli yako, zile zinazowasha jeni, zije zimsomee yeye. Sasa virusi anakufa, jeni zake zinaoza kwa mabadiliko ya bahati nasibu, mara nyingi mwili wake unakatwa kabisa inabaki ile swichi ya pembeni peke yake. Swichi haijui kwamba mwenyewe ameshakufa. Inaendelea kuvuta protini, na kama kuna jeni yako jirani inaanza kuwashwa na yenyewe.

Mfano wangu wa siku zote ni MER41. Ni mabaki ya retrovirusi aliyeingia kwa mababu wa nyani na binadamu miaka kama milioni 45 mpaka 60 iliyopita. Swichi yake inashikwa na protini zinazoamka seli ikipokea intaferoni, yaani ile kengele ya hatari ya maambukizi. Inawezekana kabisa virusi yule alikuwa anaitumia kengele yetu kujua wakati wa kuzaana. Sasa nakala moja imekaa karibu na jeni AIM2, jeni inayotambua DNA ya kigeni ndani ya seli na kuiamuru seli ijiue. 2016 watafiti wakaikata nakala hiyo moja kwa CRISPR, kifaa cha kukata DNA mahali unapotaka, MizaniSawa hapa ndo kile kipimo unachokitaka, na seli zikashindwa kuwasha AIM2 vizuri intaferoni ilipokuja, kinga yake dhidi ya virusi ikapungua. Na nakala za MER41 ziko nyingi zimetawanyika, baadhi karibu na jeni zingine za kinga, kwahiyo kengele ikilia zinaamka pamoja. Hapo ndo utajiri wenyewe ulipo jamani. Swichi moja kutokea kwa bahati mbele ya jeni moja ni kitu cha kawaida, lakini swichi ileile ikisambazwa mbele ya jeni nyingi na kitu kinachojinakili chenyewe, mwili unapata mtandao mzima ambao ungechukua muda mrefu mno kuujenga herufi kwa herufi.

Sasa nani anazishika. Seli inazifunga kwa njia kadhaa, inazibandika alama ndogo za kikemia zinaitwa methili, inazikunja ndani ya DNA iliyokazwa isisomeke, na tuna zaidi ya jeni 300 za protini za vidole vya zinki za aina moja ambazo nyingi kazi yake ni kutambua transposoni maalum na kuita wafungaji. Shida ni kwamba kufuli likifungwa linafunga na majirani. Kipande kikikaa karibu na jeni, seli inapokifunga na jeni inafifia, inapokifungua jeni inawaka. Kwahiyo ulinzi wenyewe umekuwa njia ya kudhibiti jeni.

Wapo panya wa maabara wanaoonyesha hili wazi. Wana kipande cha retrovirusi kinaitwa IAP kimejipachika kabla ya jeni iitwayo aguti, inayohusika na rangi ya manyoya. Unachukua panya wa mama mmoja, DNA yao ni sawa herufi kwa herufi, mmoja amezaliwa wa njano na atanenepa kupita kiasi, mwingine wa kahawia na mwembamba, na katikati kuna wenye mabaka. Tofauti ni methili tu. Kipande kikiwa kimefungwa jeni inafanya kazi kwa wakati wake panya anakuwa wa kahawia, kisipofungwa swichi ya virusi inaiwasha jeni mwili mzima muda wote. Mwaka 2003 Waterland na Jirtle waliwapa mama wajawazito chakula chenye foliki asidi, B12, kolini na betaini, vitu vinavyochangia methili, wakazaliwa watoto wengi zaidi wa kahawia. Nimewaona panya hao kwenye picha tu, wamekaa wawili pembeni, huwezi kuamini ni DNA moja.

NziWaMatunda

Dada SeliHai umemaliza, naongeza kimoja kwenye hilo la "nani anazishika" kwasababu kwa nzi tumeshuhudia kipande kikiingia laivu.

Kuna transposoni inaitwa P. Nzi wa matunda, Drosophila melanogaster, waliokamatwa na kufugwa maabara mapema karne ya 20 hawana, wa porini wa leo wanayo. Ilitoka kwa aina nyingine ya nzi kabisa, Drosophila willistoni, na ndani ya miongo michache ikaenea dunia nzima. Watu waligundua kwa sababu ya jambo la ajabu, ukichukua dume wa porini mwenye P ukampandisha kwa jike wa maabara asiye nayo, watoto wanakuwa tasa, mayai na mbegu zao zinaharibika. Ukigeuza, jike mwenye P kwa dume asiye nayo, watoto wazima kabisa. DNA ya watoto ni ileile pande zote, nusu na nusu! Tofauti iko wapi?

Iko kwenye yai. Mama mwenye P anaweka ndani ya yai vipande vidogo vya RNA vinaitwa piRNA, ni kama picha za mhalifu, vinashikwa na protini zinazokamata na kunyamazisha chochote kinachofanana na picha. Mtoto anaanza maisha akiwa na kumbukumbu hiyo. Mama asiye nayo hana picha ya kumpa mtoto, P ya baba inaingia kwenye seli za uzazi inapasua kromosomu huku na huku bila kizuizi. Na picha zenyewe zinapigwa kutoka maeneo maalum ya jenomu yaliyojaa mabaki ya transposoni za zamani. Kwahiyo hata hayo mabaki yanasaidia ulinzi, MizaniSawa sijui utaliweka kundi gani hilo.

MizaniSawa

Naliweka kwenye walioajiriwa, bila ubishi wowote. Ubishi wangu ni wa idadi, mifano siipingi.

Na kwa vile Kiu aligusa mkia, hiyo imetoka 2024 na imefanywa kwa uangalifu. Jeni inaitwa TBXT. Kwa mababu wa sokwe na binadamu, miaka kama milioni 25 iliyopita, Alu ilijipachika ndani ya jeni hiyo, tena sehemu ambayo huwa inakatwa kwenye RNA na kutupwa, kwahiyo ungetegemea isifanye chochote. Lakini jirani yake kulikuwa na Alu nyingine ya zamani imegeuka kinyume, kwenye RNA hizo mbili zinashikana kama vifungo, kipande cha jeni kilicho katikati kinabaki nje, protini inatoka fupi. Wakatengeneza panya wenye protini hiyo fupi, wakazaliwa wenye mikia mifupi au bila mkia kabisa kutegemea na kiasi. Ila baadhi walipata kasoro za uti wa mgongo, kwahiyo kama mkia ulipotea hivyo kweli, haukupotea bure. Sokwe na sisi tunatofautiana na tumbili kwa mambo mengine mengi, nisingesema ni Alu moja peke yake imefanya kazi yote.

KiuYaElimu

Nimeelewa wakuu, hasa hapo pa kufuli kufunga na majirani, hapo ndo pameniunganishia kila kitu. La mwisho kabisa, hivi kuna mnyama ambaye virusi vinamuingia kwenye DNA ya kurithi sasa hivi, tunaona, au yote ni ya mamilioni ya miaka iliyopita?

NziWaMatunda

Yupo. Koala, Australia. Kuna retrovirusi anaitwa KoRV, anaambukiza koala kwa koala kama virusi wa kawaida, na wakati huohuo ameshaingia kwenye DNA wanayorithishana. Kaskazini mwa Australia koala wote wanaopimwa wanakuwa nacho kwenye DNA ya kuzaliwa nayo, ukishuka kusini unaanza kukutana na wasio nacho kizima. Anahusishwa na saratani za damu kwao, na ni kitu kibaya kukiangalia kikitokea. Nakala haziko mahali pamoja kwa koala wote, kila ukoo una zake, hazijatulia bado. 2019 ikachapishwa kwamba kwenye korodani zao kuna RNA ndogo za jamii ya piRNA zilizotokana na KoRV mwenyewe. Yaani picha ya mhalifu ndo inapigwa sasa hivi.